Hurricane ya mita mbili na nusu: kuijenga, kuirusha na kuirudisha nzima

Wanaonijia kuuliza habari za ndege kubwa za kivita za rimoti huanza na maswali ya angani: inakwenda kasi gani, inaweza kubingirika, inaweza kwenda kichwachini? Angani ndiko kwenye raha, wala hakuna ugumu mkubwa. Ndege ya kilo kumi na mbili ikishapanda inatulia. Upepo hauichezei kama unavyovichezea vile vidogo vya povu. Ndege hizi huvunjikia ardhini, katika sekunde chache za kuruka na chache za kutua, na ukichunguza mabaki utakuta chanzo kilikuwa mezani tangu miezi ya nyuma: mkia mzito, waya mwembamba, gurudumu lililowekwa sentimita mbili nyuma ya pale lilipotakiwa. Kwa hiyo nitakaa sana kwenye mkia, umeme na magurudumu. Rangi nitaipitia mbiombio.

Ninaposema kubwa ninafuata kipimo kinachotumiwa na wengi: ndege ya bawa moja iwe na inchi 80, yaani kama sentimita 203, kutoka ncha hadi ncha, ya mabawa mawili, moja juu ya jingine, iwe na inchi 60. Kabla hujanunua hata ubao mmoja, soma sheria za nchi yako. Nyingi zimeweka mstari kwenye kilo 25, na ndege ikiuvuka mstari huo inahesabiwa kundi jingine lenye ukaguzi wake. Bima nayo itafute mapema.

Kuchagua ndege

Kila anayeanza anataka Spitfire, ndege ya kivita ya Waingereza ya Vita vya Pili vya Dunia. Simlaumu, ndiye bibi harusi wa mwaka 1940, ingawa vikosini wakati ule Hurricane zilikuwa nyingi kuliko yeye. Tatizo ni miguu ya magurudumu. Spitfire na Messerschmitt Bf 109 zina miguu iliyokaribiana, inayokunjwa kuelekea nje, na hata zile halisi ziliwatoa jasho marubani wake zikiwa ardhini. Modeli imerithi tabia hiyo yote. F4U Corsair, lenye mabawa yaliyopinda, linapendeza machoni, ila ile pindo itakula muda wako wote wa kujenga boriti, ule mhimili unaobeba bawa. Kwa ndege ya kwanza ya aina hii chukua yenye miguu iliyoachana: P-47 Thunderbolt, au Hurricane.

Mimi nilichukua Hurricane kwa kipimo cha moja ya tano. Ile halisi ina mita 12.19 kutoka ncha hadi ncha, kwa hiyo yangu ina mita 2.44. Eneo la bawa la ile halisi ni mita za mraba 23.9, kwa kipimo hiki unaligawanya kwa 25, inabaki karibu 0.96. Bawa lenyewe ni nene, jambo linalosaidia ndege kwenda taratibu bila kugeuka mkorofi. Halafu kuna zawadi nyingine: nyuma ya chumba cha rubani, bodi ya Hurricane halisi ilikuwa mabomba ya chuma, fito za mbao na kitambaa juu yake. Maana yake sehemu ya nyuma ya modeli nayo unaweza kuijenga kwa fito na kitambaa, ikawa nyepesi na ikafanana na ya kweli kuliko ungeifunika mbao tupu.

Mkia

Hesabu hii iandike ukutani. Kwenye ndege ya ukubwa huu, kutoka kitovu cha uzito, pale ndege inapokaa sawa ukiibeba, hadi mkiani ni kama mita moja na robo. Kutoka kitovu hicho hadi mbele, pale utakapofunga vipande vya risasi, ile metali nzito, vya kusawazishia, ni nusu mita tu. Gramu moja mkiani inadai gramu mbili na nusu puani. Ukimwaga gramu 100 za gundi ya epoksi mkiani kwa uzembe, utaongeza gramu 250 za risasi mbele, na ndege imenenepa gramu 350 bila faida yoyote. Hurricane ina pua fupi, kwa hiyo deni hili utalilipa tu. Kazi yako ni kulipunguza.

Kuna atakayesema, gramu ni gramu, injini ina nguvu. Injini ina nguvu, ndiyo, lakini kutua hakutegemei injini. Kasi ambayo bawa linaacha kubeba hukua kwa kipeuo cha pili cha uzito. Ndege yangu ikiwa kilo 12, kwa hesabu zangu bila flapsi, vile vibao vya nyuma ya bawa vinavyoteremshwa wakati wa kutua, inaacha kubeba karibu na kilomita 45 kwa saa. Ikifika kilo 15 inakuwa 50. Unaona ni tofauti ndogo? Zidisha uzito kwa kasi mara kasi: ndege ya kilo 15 inagusa ardhi ikiwa na nishati iliyozidi kwa nusu nzima, na sehemu ya nishati hiyo inaingia kwenye miguu na kwenye plaiwudi inayoishikilia.

Basi pima kila ubao wa balsa, ile mbao nyepesi sana, kabla ya kuukata. Ubao wa milimita 3, upana sentimita 10, urefu mita moja, unaweza kuwa na gramu 30, na mwenzake anayefanana naye kabisa akawa na 60. Zile nyepesi ziende mkiani, nzito zije mbele. Mimi huandika uzito kwa penseli kwenye kila ubao siku ninaponunua. Mbavu za mkia zitoboe matundu. Servo, vile vimota vinavyosukuma vibao vya kuongozea, usiziweke mkiani. Ziweke katikati ya bodi, moja kwa kila nusu ya eleveta (kibao cha mkiani cha kuinua na kushusha pua), zisukume kwa fimbo za kaboni, na usukani, kile kibao cha wima, uvutwe kwa nyaya mbili. Gurudumu la mkia liwe dogo na jepesi. Na yule mwanasesere wa rubani, kichwa na mabega vinamtosha, mwili wake hakuna anayeuona.

Penye mbao unafunika kwa kitambaa cha faibaglasi cha gramu 25 kwa mita ya mraba. Paka epoksi, kisha ikwangue kwa kadi ya plastiki mpaka kitambaa kibaki hakina ung'aavu. Kinachong'aa ni epoksi ya ziada. Baada ya hapo praima, msasa, praima, msasa, na praima nyingi iishie kwenye vumbi la msasa, isibaki kwenye ndege. Kuhusu rangi nina neno moja tu: ukitaka kuchora kila ribiti na kila doa la moshi wa ekzosi, fanya hivyo baada ya ndege kuruka mara kadhaa. Nimewaona watu waliochora ribiti elfu kadhaa, kisha siku ya kuirusha mikono inatetemeka kwa kuihurumia kazi yao. Mikono inayotetemeka hairushi ndege.

Bawa

Boriti iwe mbao ngumu, juu na chini, na kati yake ujaze vipande vya balsa ambavyo nyuzi zake zimesimama wima. Bila vipande hivyo boriti mbili ni fito mbili tu. Ncha za mabawa zipinde chini kwa mbele kama nyuzi (digrii) mbili ukilinganisha na shinani, ili bawa likianza kuchoka lichokee shinani kwanza wakati eleroni, vibao vya kuegemeza ndege vilivyo karibu na ncha, bado zinafanya kazi. Muhimu kuliko hizo nyuzi mbili ni ncha zote mbili ziwe sawa. Tofauti ya nyuzi moja kati ya kushoto na kulia utaijua siku ya kutua, ndege itakapoangusha bawa moja ghafla.

Eleroni, eleveta na usukani vikiwa vimelegea, vikifika kasi fulani vinaanza kupapatika, na kupapatika huko kunaweza kung'oa mkia kwa sekunde mbili. Shika ncha ya kila kimoja, servo zikiwa na umeme, utikise. Ukihisi mchezo, tafuta unatoka wapi: bawaba, bolijointi, au meno ya servo. Bawaba zisiache mwanya mkubwa, na mwanya uliopo uuzibe kwa utepe mwembamba upande wa chini. Servo ziwe za gia za chuma, zenye nguvu ya kilo 15 au 20 kwa sentimita, na fimbo yake isipinde ukiisukuma kwa kidole.

Umeme

Hapa ndipo watu wanapobana matumizi, sijui kwa nini. Mtu ananunua injini nzuri, servo nane nzuri, halafu anaunganisha vyote kwa betri moja na swichi moja ya bei ya chini. Weka betri mbili za risiva, kile kipokezi cha mawimbi ya rimoti, kila moja na swichi yake, kila moja iweze kuibeba ndege peke yake. Mimi natumia za LiFePO4 za seli mbili, volti 6.6, kwa sababu zinaingia moja kwa moja kwa servo zangu bila kifaa cha kupunguza volti katikati. Kifaa kimoja pungufu, ni kitu kimoja pungufu cha kufa. Ila betri hizi zina ujanja wao: volti haishuki mpaka inapokaribia kuisha kabisa, kwa hiyo kuipima kwa mita tu hakukwambii imebaki kiasi gani. Tazama chaja imerudisha mAh (kipimo cha ujazo wa betri) ngapi baada ya kila mruko, ugawanye kwa dakika ulizoruka. Hapo utajua unakula kiasi gani, usivuke nusu ya ujazo wa betri.

Injini ya petroli ina mfumo wa cheche, na cheche ni adui wa redio. Betri ya cheche iwe ya peke yake. Mfumo huo ukae mbele, risiva ikae nyuma, kati yao pawe na angalau sentimita 30. Fimbo ya kabureta iwe ya plastiki, isiwe chuma, maana chuma hubeba kelele za cheche mpaka kwenye servo. Weka pia swichi ya kuzima cheche kwa rimoti. Hiyo usiijadili.

Halafu pangilia risiva ili mawimbi yakipotea injini izime au irudi sailensa, yaani mzunguko wa chini kabisa. Jaribu kwa kuzima rimoti ndege ikiwa imefungwa chini na propela imetolewa. Ukiona servo ya mafuta imebaki ilipokuwa, hujapangilia kitu.

Injini

Kwa ukubwa huu sentimita za ujazo 50 hadi 60 zinatosha. Zenoah G-62 ni ya zamani na nzito, lakini kwa ndege ya pua fupi uzito wake unakuwa msaada: heri uzito wa injini kuliko uzito wa risasi. Propela ya inchi 22 kwa 10, yaani kipenyo kwa hatua ya mzunguko mmoja, ni mahali pazuri pa kuanzia. Mpira wa mafuta usiwe wa silikoni. Petroli huuvimbisha na kuulainisha. Kizibo cha tangi nacho kiwe cha petroli. Injini igeuke kidogo kulia, nyuzi mbili hadi tatu.

Kava la Hurricane ni jembamba na linaibana injini, kwa hiyo hewa uielekeze. Weka vizuizi vya balsa ili hewa inayoingia ipite kwenye mapezi ya silinda, isipite pembeni, na tundu la kutokea liwe kubwa mara mbili hadi tatu kuliko la kuingilia. Lile radieta lililo tumboni mwa Hurricane ni mahali pazuri pa kutolea hewa ya moto bila kuharibu sura.

Injini uizoeze chini, nje ya karakana, ndege ikiwa imefungwa mkia kwa kamba kwenye kitu kisichong'oka. Tangi mbili tatu zipite. Tafuta sailensa ambayo haizimi hata ukiinua pua juu ukaishikilia, kisha umwagie mafuta ghafla: injini ipande bila kusita. Inayosita chini itazima hewani. Injini ikinguruma, simama nyuma ya propela, usisimame kamwe ubavuni mwake, na wasimamishe wenzako huko huko.

Magurudumu

Inua mkia mpaka ndege ikae kama inavyoruka. Miguu ikiwa chini, ekseli ya gurudumu iwe sawa na ukingo wa mbele wa bawa, au sentimita moja mbele yake. Ikiwa nyuma zaidi, ndege itabusu ardhi kwa pua kila ukigusa nyasi ndefu. Ikiwa mbele mno, kila ukitua mkia unagonga chini, bawa linashika hewa tena, na unadundadunda uwanja mzima. Magurudumu yaelekee ndani kidogo kwa mbele, nyuzi moja tu. Shokapu ziwe laini kiasi kwamba uzito wa ndege unazibonyeza kama theluthi. Na mbao zinazoshika miguu ziungane na boriti kwa plaiwudi na epoksi, supaglu isikaribie hapo.

Kusawazisha

Kitovu cha uzito kwa mruko wa kwanza kiwe kwenye asilimia 25 ya upana wa wastani wa bawa. Kwenye bawa langu upana huo ni kama sentimita 39, kwa hiyo kila asilimia moja ni milimita 4. Unaona basi kwamba kukosea kwa sentimita moja si jambo dogo: ni asilimia mbili na nusu. Pima tangi likiwa tupu, miguu ikiwa katika hali unayotaka kutua nayo, betri zote ndani, rangi imekauka. Risasi ifungwe kwa bolti, isigandishwe kwa utepe. Ndege yenye pua nzito inachosha kuirusha. Yenye mkia mzito haikupi nafasi ya kuchoka.

Siku ya kuirusha

Nenda na watu wawili: mmoja wa kushika mkia, mwingine wa kusimama begani mwako akihesabu dakika na kukwambia nani anaingia uwanjani. Wapiga picha waje wiki nyingine. Upepo mwepesi unaokuja usoni mwa ndege ni bora kuliko utulivu kabisa, kwa kuwa unakupunguzia kasi ya ardhini. Upepo wa ubavuni, rudi nyumbani.

Jaribu masafa ya redio rimoti ikiwa kwenye nguvu ndogo, kwanza injini ikiwa imezimwa, kisha ikinguruma. Umbali ukipungua sana injini ikiwaka, cheche inaingia kwenye redio, na siku imeishia hapo. Kisha simama nyuma ya ndege utaje kwa sauti: eleroni kulia, ya kulia inapanda. Eleveta juu, inapanda. Usukani kulia, unakwenda kulia. Itaje hata kama unajiona mjinga, kwani mwenzako anasikiliza.

Unapotembeza ndege ardhini, shikilia eleveta juu ili mkia usiinuke. Ukishajipanga katikati ya njia ya kurukia, iache itembee mita chache inyooke, kisha ongeza mafuta polepole, ukihesabu moja hadi nne. Ukiyafungua yote kwa mpigo, propela itaivuta kushoto kabla usukani haujapata hewa ya kufanyia kazi. Kidole chako cha usukani kiwe tayari kwenda kulia. Ndege ikianza kukimbia legeza eleveta taratibu, mkia uinuke wenyewe. Sasa subiri. Hapa ndipo wengi wanapovuta, na ndege inaondoka ardhini ikiwa haijawa na kasi, inaegemea kushoto, mtu anajibu kwa eleroni, bawa linaacha kubeba. Usivute. Iache iendelee kukimbia mpaka iwe nyepesi, kisha eleveta kidogo tu. Ikifika nusu ya njia na bado inayumba, funga mafuta. Kesho ipo.

Ikishapaa, panda kwa mteremko mdogo, usikunje miguu, usigeuke mpaka una mwinuko wa mita kama 30. Miguu niiache chini mruko wote wa kwanza. Sitaki swali la ziada wakati wa kurudi. Panda mpaka mita 100, rudisha mafuta kwenye theluthi mbili, urekebishe trimu, zile swichi ndogo za kusahihisha mwelekeo kwenye rimoti, mpaka inyooke mikono ikiwa imeachia.

Kisha fanya jambo ambalo wengi huliruka. Ukiwa juu huko huko, nyoosha ndege ielekee upepo, punguza mafuta hadi sailensa, na endelea kuinua pua kidogo kidogo mpaka bawa liache kubeba. Tazama: inainamisha pua tu, au inaangusha bawa? Upande upi? Rudia na flapsi nusu, uone kama pua inapanda au inashuka zinapofunguka. Sasa unajua ndege yako inakuonyaje kabla ya kuanguka, na umelijua hilo mahali penye nafasi ya kusahihisha.

Injini ikizima wakati wowote, sukuma pua chini palepale. Miguu iko nje, propela inakokota hewa, kwa hiyo itashuka haraka kuliko unavyodhani. Usijaribu kurudi njiani ikiwa uko chini. Tua mbele ulipo, hata kwenye majani.

Dakika ya sita mwenzako akwambie. Tangi bado lina mafuta, nawe bado una akili timamu ya kurudia kutua mara mbili tatu ikibidi. Flapsi nusu, njia ndefu ya kuingilia, na mafuta kidogo mpaka chini. Usiyafunge ukiwa hewani kwa sababu tu unaona uwanja. Igusishe kwa magurudumu mawili ya mbele, mkia bado uko juu, ndipo ufunge mafuta. Usijaribu kutua kwa magurudumu yote matatu kwa pamoja siku ya kwanza, linapendeza lakini linakaribia mno pale bawa linapochoka. Mkia ukishuka wenyewe, vuta eleveta yote, ishikilie hapo, uongoze kwa usukani mpaka isimame.

Zima cheche kwa rimoti kabla mtu yeyote hajaisogelea. Fungua kava la injini uguse kila bolti, tikisa kila bawaba, pima mafuta yaliyobaki, angalia plaiwudi ya miguu kwa tochi kama kuna mstari wa ufa. Nyumbani, soma mAh zilizorudi. Usiguse kitovu cha uzito mpaka umeruka nayo mara kadhaa na flapsi zimeshapangwa. Hapo ndipo unaanza kutoa risasi puani, gramu 50 kwa wakati mmoja, ukiruka kati ya kila kipande, na unaacha kutoa mara tu eleveta inapoanza kuwa nyepesi mno kidoleni. Kipande cha mwisho ulichotoa ukirudishe.